Nguzo za Njia ya Jikoni

Migwani, 3 Februari 2025

Baba Mutie,

Natumaini nyote mko wazima, na kwamba mjukuu wangu ameacha kulamba ukuta. Mimi niko salama.

Utashangaa kupata barua wakati simu iko. Lakini wewe na mimi tunajuana kwa simu. Nikisema hujambo unasema sijambo Mama, kisha tunabaki tukisikilizana tukipumua mpaka Wavinya akunyang'anye simu. Ndiyo nthoni hiyo. Mama mkwe na mume wa binti yake hawazoeani, ndivyo tulivyolelewa Ukambani, na miaka yote tangu umchukue binti yangu nimekuona uso kwa pembeni tu, kila mmoja akimpisha mwenzake njiani. Karatasi lakini haina macho. Kwa karatasi nitasema.

Wavinya ameniambia kwamba katika karakana yenu hapo Mukuyuni wewe ndiye unayechora vitu kwa kompyuta kabla havijachomelewa. Nataka kitu cha kushikilia kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa jikoni. Jikoni kwangu ni nyumba yake peke yake, kule nyuma, na njia ya kufika ina kona. Akina mama wa ushirika huja kwangu kila Alhamisi kusali, na wengine magoti yamechoka. Nisingependa mmoja aanguke akiwa na chai mkononi.

Khamisa, jirani yangu anayeuza vitenge sokoni, amelaza kamba juu ya njia na kuikata ilipofika mlango wa jikoni. Kamba hiyo imo kwenye kifurushi. Picha amekutumia kwa simu.

Usimsumbue Wavinya na jambo hili. Ana cherehani yake na mtoto, wamtosha.

Mama yako,
Kavindu


Mukuyuni, 10 Februari 2025

Mama,

Pokea salamu zetu. Kamba ilifika salama, ila Mutie aliiona kabla yangu na kwa nusu siku ikawa ng'ombe. Nimempa kamba nyingine.

Kazi nimeianza, na nataka nikueleze jinsi ilivyo, kwa sababu hapa karakanani hakuna mtu anayetaka kunisikiliza. Nimechora nguzo moja tu. Chini ina bamba la chuma la kufungia kwenye simiti, juu ina bomba fupi la kushika, na mwisho wa bomba kuna bolti ya kuungana na nguzo jirani. Ndiyo raha ya hii programu. Unachora kitu kimoja vizuri, unachora njia na kona yake, halafu unaiambia kompyuta irudie kitu hicho kwenye ule mstari, nafasi sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Kabla hujameza mate, safu nzima imesimama.

Mara ya kwanza ilisimama vibaya. Nguzo zote zilitazama upande mmoja kama wanafunzi paredi, hata zile za kwenye kona. Njia ilipinda, zenyewe hazikupinda. Mabomba yakawa yananing'inia bila kushikana, na moja lilielekea katikati ya njia, usawa wa mbavu za mtu. Nilikuwa nimesahau kuiambia kompyuta kwamba kila nguzo igeuke pamoja na njia. Kuna mahali pa kubonyeza. Nilibonyeza, zikageuka zote kwa pamoja, kila moja ikatazama njia inakoelekea pale iliposimama. Nilifurahi hata nikamwita Kitonga, fundi wetu wa kuchomelea, aje aone. Alitazama akasema ameshawahi kuona ua wa boma.

Swali moja: ukienda jikoni, bomba liwe mkono gani?

Na jingine, Mama, nitalisema kwa kuwa umesema karatasi haina macho. Barua uliyotuandikia tulipofunga ndoa Wavinya ameiweka kwenye Biblia. Ni karatasi tupu isiyo na mistari, na maandishi yako yamenyooka mwanzo mwisho. Hii ya sasa imeanzia juu ikateremka, na neno "ushirika" limeandikwa juu ya "magoti". Siulizi kitu. Nasema tu kwamba nimeona.

Wako,
Nthiwa


Migwani, 19 Februari 2025

Baba Mutie,

Nimefundisha watoto kusoma zaidi ya nusu ya maisha yangu, na sikutegemea kusomwa na mkwe.

Ni presha ya macho. Mbele yangu bado naona kidogo, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Pembeni hakuna kitu. Daktari amesema kilichopotea hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki. Mwezi wa Desemba nilianguka njiani nikienda jikoni. Wavinya aliuliza kuhusu uvimbe usoni, nikamwambia mbuzi alinipiga kichwa. Mbuzi wa watu hana makosa.

Kwa hiyo hakuna magoti ya akina mama. Kitu cha kushikilia ni changu mimi. Kiwe mkono wa kulia, kwa sababu sufuria naibeba kwa kushoto.

Ninakuomba jambo moja: usimwambie Wavinya. Namjua binti yangu. Akijua atakuja na gari siku hiyo hiyo, afunge nyumba, anipeleke kwenu. Na nitaishije kwako, Baba Mutie? Ukikohoa sebuleni mimi nijifungie chumbani? Ukitaka chai nisubiri utoke ndipo nipite? Hapa najua kila kitu kilipo. Najua chumvi iko wapi na kiberiti kiko wapi. Nikitolewa hapa ndipo nitakuwa kipofu kweli.

Barua hii nimeiandika mchana mlangoni, kwenye mwanga mwingi. Nimejitahidi na mistari.

Mama yako,
Kavindu


Mukuyuni, 4 Machi 2025

Mama,

Mimi sikusema, naapa. Lakini unajua Wavinya alikuwa kwako Jumapili. Amerudi na hajala vizuri tangu siku hiyo. Anasema ulimmiminia chai kando ya kikombe, ukaendelea kuzungumza huku chai ikimwagika mezani, na yeye akafuta polepole bila kukwambia. Kisha alilia njia nzima.

Ameamua. Anataka kabla ya Pasaka uwe hapa. Kitanda cha Mutie ameshakihamisha.

Nimezungumza naye siku mbili. Nimemwambia habari ya nguzo, kwa sababu sasa hakuna cha kuficha. Mwishoni amekubali hivi: nikishazisimamisha atakuja mwenyewe kutazama. Ukitoka mlango wa nyumba ukafika jikoni na kurudi, bila mtu kukuongoza, atakuacha nyumbani kwako na hatasema tena. Ukishindwa, unakuja.

Basi usiwe na wasiwasi. Mwenye karakana ameniruhusu kutumia mashine saa za chakula cha mchana, na Kitonga ananisaidia kuchomelea. Mabomba tumeshayakata kwa kipimo cha kamba. Nafanya haraka kadiri ninavyoweza ili usije kwetu.

Wako,
Nthiwa


Migwani, 8 Machi 2025

Baba Mutie,

Nimepata barua yako. Khamisa ndiye aliyenisomea. Alipofika mwisho nikamwambia airudie.

Ninashukuru kwa haraka yako. Mwenye nyumba asiyetaka mzigo ana haki ya kusema, na wewe umesema kwa upole.

Fanya kazi kwa nafasi yako. Sitawasumbua.

Kavindu


Mukuyuni, 12 Machi 2025

Mama,

Nimekaa na barua yako kando ya mashine ya kukatia mpaka Kitonga akaniuliza ni nani amekufa.

Niliandika kama fundi, kitu kifanye kazi basi. Sikusikia jinsi ule mstari wa mwisho ungesikika ukisomwa kwa sauti na jirani. Nisamehe.

Sasa naomba Khamisa afungue karatasi kubwa iliyokunjwa humu ndani akueleze iliyo juu yake. Ni chumba. Kiko upande wa nyumba yetu wa kuchomoza jua, na kina mlango wake peke yake, kajiko kake, na dirisha lisilotazama uani. Nilikichora siku ile ile niliyoona mistari yako imeteremka, kabla hata sijagusa nguzo. Nilikipima hivi kwamba wewe na mimi tungeweza kukaa boma moja miaka mingi bila kukutana, isipokuwa tukitaka. Nilikuwa bado sijajua nitakuambiaje. Halafu ukaandika "nitaishije kwako", nikafikiri hutaki kukaa kwangu kwa sababu ni kwangu. Nikaifungia karatasi kwenye droo na kuanza kukimbizana na nguzo.

Mama yangu mzazi alifariki Mutie hajazaliwa, unajua. Tangu Februari nimekuwa nikingoja gari la vifurushi kama mtoto anayengoja mzazi atoke sokoni. Sina namna nzuri ya kusema hili. Nakupenda, na sitaki uondoke kwako, na ukiondoka nataka uje kwetu. Yote matatu ni kweli.

Kwa hiyo chagua wewe. Ukisema chumba, nitajenga chumba, na Wavinya ataimba. Ukisema nguzo, nitakuja nazo Ijumaa ya tarehe ishirini na moja.

Kuna pia bati nimelikata matundu marefu, moja chini ya jingine. Liweke juu ya karatasi uandike ndani ya tundu. Mistari haitapandana.

Wako,
Nthiwa


Migwani, 16 Machi 2025

Baba Mutie mwanangu,

Naandika na bati lako. Khamisa anasema mistari imenyooka. Alikuwa akilia alipokuwa akinisomea barua. Mimi sikulia, nilikuwa nakata vitunguu.

Nisamehe na wewe. Nilisoma maneno matatu ya mwisho nikaacha ya miezi yote. Ningemkuta mwanafunzi akisoma hivyo ningemrudisha mwanzo wa ukurasa.

Nachagua nguzo. Bado nina jikoni kwangu na nina sauti ya kumfokea jogoo. Lakini ile karatasi ya chumba usiitupe. Nimeiweka chini ya godoro, na nikilala juu yake nalala vizuri. Siku ikifika nitakuambia mwenyewe, hutahitaji kuniuliza.

Njoo Ijumaa. Mimi nitakuwa ndani, pazia limefungwa. Muthokoi wa mahindi na maharagwe utaletewa na Khamisa, na ukiwa na swali mwandikie karatasi anipelekee. Watu wa Migwani watasema wameona mambo, waache waseme.

Mama yako,
Kavindu


Uani kwako, Ijumaa tarehe 21, asubuhi

Mama,

Muthokoi ni mtamu, nimemaliza. Vyuma vimefika vyote.

Swali ni hili. Kamba ya Khamisa na picha yake zinakata uwanja hapa katikati, na nguzo nimezipanga hivyo. Lakini nimeinama kuchimba nikaona ardhi imelika kwa miguu pembeni, inazunguka duara kubwa, halafu inarudi kwa mlango wa jikoni. Inazunguka nini? Mimi sioni kitu.

Nthiwa


Ndani, Ijumaa

Inazunguka tangi.

Baba Wavinya alijenga tangi la maji pale uwanjani tulipohamia hapa. Lilipasuka Wavinya akiwa sekondari, tukalibomoa. Khamisa alikuja kuishi hapa baadaye, kwake pale ni uwanja mtupu, ndiyo sababu kamba yake imepita katikati. Mtu mwenye macho hupita katikati. Mimi nilizoea kutoka gizani na ndoo, mkono ukipapasa ukuta wa tangi, na miguu haijawahi kuambiwa kwamba tangi halipo. Sikujua bado nazunguka mpaka uliponiuliza.

Sasa naelewa kwa nini nilianguka Desemba: siku hiyo nilikata katikati, nifanye haraka, maziwa yalikuwa yanachemka.

Kama ni taabu, fuata kamba. Nitajifunza.

Kavindu


Uani, Ijumaa, mchana

Mama,

Hujifunzi kitu. Nguzo zitafuata miguu yako.

Zinaweza. Kila kipande kimeungwa kwa bolti, kwa hiyo nageuza kidogo hapa na kidogo pale, na zinazunguka tangi kana kwamba lipo. Shida ni moja tu. Njia ya kuzunguka ni ndefu kuliko kamba, na vipande nilikata kwa kipimo cha kamba. Mabomba hayavutiki. Zikiungana zote, kipande kimoja kinakosekana mwishoni, kabla ya mlango wa jikoni. Wavinya anakuja Jumapili, na siwezi kufika Mukuyuni nikachomelea kingine na kurudi.

Nikifuata kamba hakuna pengo, lakini utakuwa unatembea njia isiyo yako mbele yake. Nikifuata miguu kuna pengo. Sema wewe.

Nthiwa


Ndani, Ijumaa

Fuata miguu. Pengo niachie.

Na uvae kofia, jua la huku si la Mukuyuni.

Kavindu


Mukuyuni, 25 Machi 2025

Mama,

Tulifika salama, Mutie alilala njia nzima. Wavinya hajasema neno kuhusu Jumapili, wala mimi sijamuuliza. Anashona tu. Nimeogopa, ndiyo sababu nakuandikia wewe kwanza.

Nimekosa, Mama, na naomba msamaha kabla mtu mwingine hajakuambia.

Ulipotoka mlangoni nilikuwa nyuma ya ukuta wa jikoni, mahali ambapo tusingekutana. Nilikusikia ukija. Mkono wako ulikuwa unapita juu ya bomba, na kila ulipofika kwenye bolti pete yako iligonga. Ulizunguka tangi bila kupunguza mwendo. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha. Halafu pete ikaacha kugonga, nikachungulia, nikaona bomba limekwisha na mkono wako unatafuta hewani. Sufuria ilikuwa imeanza kuinama. Wavinya alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba, ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Kama ungeyumba, yangekwisha pale pale.

Sikufikiri. Niliingia kwenye pengo nikanyoosha mkono. Nilifunga ngumi ili udhani ni bomba.

Najua haifai. Najua hata kukusalimia kwa mkono sijawahi. Kama nimevunja heshima yako, niambie inatengenezwa vipi, nami nitaitengeneza. Na kama Wavinya atasema hukufika peke yako, kosa liwe langu, lisiwe lako.

Kipande kilichokosekana nimeshakikata. Kitonga anakipaka rangi leo, nitakiweka kwenye gari la vifurushi kesho.

Wako,
Nthiwa


Migwani, 30 Machi 2025

Nthiwa,

Leo nakuita kwa jina lako, nimeona niko huru.

Bomba gani lina jasho? Nilijua kabla sijakugusa, ulikuwa unanuka simiti na muthokoi wangu. Wewe ulifunga ngumi ili nisijue. Nani aliifungua? Kumbuka vizuri. Vidole vyako nilivifungua mimi, kimoja kimoja, nikashika kiganja, na sikukiachilia mpaka nilipoweka sufuria juu ya jiko. Kurudi nilirudi peke yangu. Ningeweza kushika ukuta. Ukuta ulikuwa karibu na nilijua uko wapi, nilikwambia pengo uniachie. Nilishika mkono kwa kuwa niliutaka.

Kwa hiyo hukuvunja kitu. Kama kuna aliyevunja ni mimi, na wazee wakiniuliza nitawaambia mtoto wangu alinisaidia kuvuka. Wakitaka mbuzi wa faini, jogoo wangu nitampeleka aanze kuwafokea.

Binti yangu alinipigia simu jana. Aliona yote, alikuwa mlangoni. Ananiambia hajawahi kuona mtu akipita mtihani huku ameshikwa mkono. Nikamwambia mimi ni mwalimu, nimewaona wengi. Alicheka, kisha alilia, kisha akasema, "Kaa kwako, Mama." Amekuficha makusudi, anasema anataka kuona utavumilia siku ngapi bila kuuliza. Mvumilie na wewe.

Kila siku natembea njia yangu mpaka pale bomba linapoishia, na mkono unatafuta kidogo. Halafu nashika ukuta.

Kile kipande hakijafika, na kama bado kiko kwako usikitume na gari la vifurushi. Kilete mwenyewe. Upite mlango wa mbele. Nimemwambia Khamisa ashushe pazia alifue, na kando ya meza nimeweka viti viwili.

Mama yako,
Kavindu